Konokono wa tangi la samaki: gharama imo kwenye kopo la chakula

Konokono wadogo wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, huuzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo kwa hoja moja: bei yao ni ndogo na wanasafisha tangi. Hoja hiyo ina sehemu mbili, na zote mbili zinapimika. Ya kwanza ni ya shilingi: konokono anachukua sehemu gani ya gharama ya tangi zima? Ya pili ni ya gramu: uchafu anaoula unakwenda wapi? Hesabu zinazofuata zinahusu tangi moja la mfano, Dar es Salaam, na zimeandikwa hatua kwa hatua ili mwenye tangi lake aweke tarakimu zake mahali pa hizi.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Ukizidisha, unapata sentimita za ujazo 54,000, ambazo ni lita 54. Mchanga na nafasi inayoachwa juu vikitolewa, maji yanayobaki ni kama lita 48. Ndani wamo samaki watano aina ya gapi na konokono kumi. Konokono hao ni wale waliojiviringa bapa kama dawa ya mbu ya koili. Jina lao la kisayansi ni Planorbella duryi, na asili yao ni Florida, Marekani.

Gharama ya kuanza

Bei za vifaa hutofautiana baina ya duka na duka, kwa hiyo hizi ni za kufanyia hesabu tu. Tangi la kioo tuliwekee shilingi 80,000, chujio lenye pampu 30,000, taa ya LED 25,000, mchanga 10,000, na konokono kumi kwa shilingi 1,000 kila mmoja, yaani 10,000. Jumla ni shilingi 155,000. Sehemu ya konokono ni asilimia 6.5. Hata bei yao ikipanda mara mbili, jumla inafika 165,000 na sehemu yao inakuwa asilimia 12. Samaki hatujawahesabu, kwa sababu swali ni la konokono. Katika hatua hii hoja ya muuzaji inasimama: konokono ni kitu kidogo.

Umeme

Pampu ya wati 5 inayofanya kazi saa 24 inatumia uniti 0.12 kwa siku. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Kwa mwaka pampu hiyo inakula uniti 43.8. Taa ya wati 8 inayowaka saa 8 kwa siku inakula uniti 23.4 kwa mwaka. Jumla ni uniti 67.2, yaani uniti 5.6 kwa mwezi.

Kwa bei za shirika la umeme, TANESCO, zilizoanza Aprili 2016, mteja wa kundi la kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, asilimia 1. Jumla ya nyongeza ni asilimia 22, na uniti inafika shilingi 356. Njia rahisi ya kuihakiki ni risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla: shilingi 10,000, ukiondoa kodi ya jengo, hutoa uniti 28 hivi. Uniti 67.2 zinagharimu, basi, shilingi 23,900 kwa mwaka.

Mteja mdogo, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na 122 baada ya nyongeza. Kwake tangi hilohilo linagharimu shilingi 8,200 kwa mwaka. Tofauti kati ya nyumba hizo mbili ni shilingi 15,700, zaidi ya bei ya konokono wote kumi. Lakini hesabu ya mteja mdogo ina sharti ndani yake: uniti 5.6 za tangi zisimvushe mpaka wa 75. Anayetumia uniti 72 atafika 77.6, na zile 2.6 za juu hutozwa shilingi 350 kila moja kabla ya nyongeza, ambazo ni 427 baada yake.

Dar es Salaam haihitaji kifaa cha kupasha maji joto. Njombe au Mbeya, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, mfugaji anaweza kukihitaji. Kifaa cha wati 50 kinachowaka nusu ya muda kwa wastani kinakula uniti 219 kwa mwaka. Kwa shilingi 356, hiyo ni karibu shilingi 78,000, zaidi ya mara tatu ya umeme wa pampu na taa kwa pamoja. Mahali tangi lilipo, kwa hiyo, panaamua gharama kuliko idadi ya viumbe waliomo. Makadirio ya nusu ya muda nayo si ya kushikilia sana: kifaa kikiwaka miezi minne tu kwa mwaka, gharama inashuka hadi theluthi moja, kama shilingi 26,000.

Maji

Desturi ya wafugaji wengi ni kubadilisha robo ya maji kila wiki. Robo ya lita 48 ni lita 12, na kwa wiki 52 ni lita 624. Ukichota bombani kwako kwa takriban shilingi 2 kwa lita, unatumia shilingi 1,250 kwa mwaka. Ukinunua kwa ndoo ya lita 20 kwa shilingi 500, kila lita ni shilingi 25, na mwaka unakugharimu shilingi 15,600. Maji ni yaleyale. Gharama imezidi mara 12.5. Anayeambiwa kwamba kubadilisha maji hakugharimu kitu aulize kwanza msemaji anachota wapi.

Chakula, na hapa hesabu inageuka

Wafugaji wachache wanajua wanalisha gramu ngapi. Chakula cha samaki cha vipande vyepesi hubanwa kwa vidole viwili na kunyunyizwa juu ya maji, na mbano wa leo haulingani na wa jana. Kopo, hata hivyo, linatunza kumbukumbu. Kopo la gramu 50 likiisha baada ya siku 200, tangi limepokea gramu 0.25 kwa siku. Likiisha baada ya siku 100, limepokea gramu 0.5.

Sasa tulinganishe na mahitaji. Gapi watano wenye wastani wa nusu gramu kila mmoja wana uzito wa gramu 2.5 kwa jumla. Samaki wadogo wakila asilimia 2.5 ya uzito wao kwa siku, wanahitaji gramu 0.06. Tangi linalopokea gramu 0.25 lina ziada ya gramu 0.19 kila siku, sawa na asilimia 76 ya chakula chote. Kwa mwaka ni gramu 69. Kopo likiwa la shilingi 8,000, mfugaji ananunua chakula cha shilingi 14,600 kwa mwaka, wakati samaki wake wanahitaji cha shilingi 3,500. Hata kama makadirio ya mahitaji ni madogo kwa nusu, na samaki wanahitaji gramu 0.12, bado zaidi ya nusu ya chakula inapita pembeni ya midomo yao.

Ziada hiyo huzama kati ya chembe za mchanga, na konokono huifuata huko.

Wanazaana kwa kiasi gani?

Konokono hawa wana viungo vya jinsia zote mbili, na mmoja peke yake anaweza kurutubisha mayai yake. Mayai hubandikwa kwenye kioo au chini ya jani, yakiwa ndani ya ute mwangavu ulio mpana kama ukucha wa kidole kidogo. Ukisogeza jicho karibu na kioo unaweza kuyahesabu: vidoadoa kumi, kumi na tano, wakati mwingine zaidi ya ishirini. Katika maji ya joto la Dar es Salaam huanguliwa baada ya wiki moja hadi mbili, na watoto huanza kutaga wakiwa na umri wa miezi miwili hivi.

Hesabu ya karatasi ni ya kutisha. Konokono wawili, kila mmoja akitaga mayai 15 kwa wiki, kwa wiki nane wanatoa mayai 240. Wote wakiishi, konokono 242 katika wiki nane zinazofuata wanatoa mayai 29,040. Jumla katika miezi minne ni 29,282, yaani konokono 610 katika kila lita ya maji. Kuzidisha kumefanywa sawasawa, lakini hakuna tangi la lita 48 linaloonekana hivyo. Kosa limo kwenye dhana ya kwamba wote wataishi. Kinachoamua wangapi wataishi ni chakula.

Kwa hiyo tuanzie kwenye chakula. Tuchukue gramu 69 za ziada kwa mwaka, na tudhani sehemu moja ya kumi tu inageuka mwili wa konokono, kwa kuwa sehemu kubwa huishia kwenye nguvu za kutembea na kupumua, na kwenye kinyesi. Hiyo ni gramu 6.9. Mwili mkavu wa konokono mdogo, bila gamba, tuuwekee miligramu 10. Tunapata konokono 690 kwa mwaka. Sehemu ya kumi ikiwa ni makadirio makubwa mno na ukweli ni nusu yake, wanakuwa 345. Hawatakuwa hai wote kwa wakati mmoja, na bakteria nao watajichukulia sehemu ya ziada hiyo. Lakini ukianzia popote katika dhana hizi, jibu ni mamia, na linapanda na kushuka pamoja na ziada ya chakula. Idadi ya konokono walionunuliwa, kumi au wawili, haimo katika hesabu hii kabisa.

Je, wanasafisha?

Uchafu wa tangi unapimika vizuri kwa naitrojeni, kwa sababu ndiyo inayogeuka amonia, sumu kwa samaki, kisha bakteria wakaigeuza nitreti, ambayo madhara yake ni madogo ila hujikusanya. Naitrojeni huingia kupitia protini ya chakula. Chakula chenye protini asilimia 45, na protini ikiwa na naitrojeni asilimia 16, kinaleta miligramu 18 za naitrojeni katika kila gramu 0.25. Zikigeuka zote kuwa nitreti, ni miligramu 80 kwa siku. Katika lita 48 ni ongezeko la miligramu 1.66 kwa lita kwa siku, na 11.6 kwa wiki.

Robo ya maji ikibadilishwa kila wiki, ongezeko hilo halipandi milele. Linatulia pale ambapo robo inayotolewa inalingana na kilichoingia: 11.6 ikigawanywa kwa 0.25 ni miligramu 46 kwa lita, siku ya kubadilisha maji. Kwa kipimo cha kulinganisha tu, ukomo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50. Hesabu hii inadhani kwamba maji mapya hayana nitreti na kwamba tangi halina mimea. Mimea inayokua ingepunguza tarakimu hiyo. Maji ya kisima yenye nitreti yangeipandisha.

Katika mlinganyo huo konokono yuko wapi? Akila ziada, naitrojeni iliyokuwa kwenye chakula inatoka kwenye kinyesi chake na kurudi majini. Anachobaki nacho ni kile kilicho mwilini mwake tu. Mwili mkavu wa miligramu 10 una kama miligramu 1 ya naitrojeni. Konokono 690 wanashikilia miligramu 690, wakati tangi limepokea 6,570 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 10.5. Na asilimia hiyo huondoka tangini pale tu mfugaji anapowatoa konokono. Wakifia humo, inarudi yote. Anachofanya konokono ni kuyeyusha taka zinazoonekana ziwe taka zisizoonekana. Kioo na mchanga vinapendeza zaidi, na hilo si jambo dogo, ila kipimo cha maji hakibadiliki kwa kiasi kinachostahili kuitwa usafi.

Tuweke njia mbili za kupunguza nitreti ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni kupunguza chakula kutoka gramu 0.25 hadi 0.06. Kilele kinashuka kutoka miligramu 46 hadi 11 kwa lita, na mfugaji anabakiwa na shilingi 11,100 za chakula kwa mwaka. Ya pili ni kuacha chakula kilivyo na kuongeza maji. Ili kilele kiwe 11.6, lazima maji yote lita 48 yabadilishwe kila wiki, lita 2,496 kwa mwaka badala ya 624. Kwa anayenunua ndoo, gharama ya maji inapanda kutoka shilingi 15,600 hadi 62,400. Matokeo ni karibu sawa. Tofauti ya gharama, ukijumlisha pande zote mbili, ni shilingi 57,900.

Kazi ambayo konokono huifanya kwa kuonekana ni ya kukwangua mwani, ule utando wa kijani kwenye kioo. Kanuni za kuhesabu konokono kwa lita hupotosha hapa, kwa sababu konokono hatafuti chakula ndani ya ujazo. Hukitafuta juu ya uso. Kuta nne za tangi letu zina sentimita za mraba 5,400. Konokono kumi wakigawana, kila mmoja ana 540. Tangi jingine lenye lita zilezile lakini lililo refu na jembamba lina eneo kubwa zaidi la kuta, na kazi nyingi zaidi, ingawa kanuni ya lita ingetoa idadi ileile ya konokono.

Gamba

Gamba la konokono ni kalsiamu kaboneti, na asilimia 40 ya uzito wake ni kalsiamu. Konokono 50 wenye magamba ya gramu 0.1 kila moja wamebeba gramu 5 za gamba, yaani miligramu 2,000 za kalsiamu. Maji yenye miligramu 20 za kalsiamu kwa lita yana miligramu 960 katika tangi zima, chini ya nusu ya hitaji hilo. Lita 12 za kila wiki zinaleta 240 tu. Kwa maji laini kama ya Ziwa Victoria, ambayo kalsiamu yake ni ndogo zaidi, pengo linapanuka na magamba huanza kuchimbika na kuwa meupe karibu na kilele. Tiba yake haihitaji kununuliwa dukani. Ganda la yai la kuku lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na takriban asilimia 95 yake ni kalsiamu kaboneti. Ganda moja lililochemshwa na kupondwa lina malighafi ya magamba hayo yote 50.

Konokono wa bure

Anayetaka kuokoa ile 10,000 anaweza kufikiria kuokota konokono mtaroni au bwawani. Hapa akiba inabadilika kuwa hatari. Konokono wa jenasi Biomphalaria, wanaoeneza kichocho cha tumbo, wana umbo bapa lilelile la wale wa dukani, na jicho lisilozoea halitawatenganisha. Wale wa jenasi Bulinus hueneza kichocho cha mkojo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 251.4 walihitaji dawa ya kinga ya kichocho, zaidi ya asilimia 90 kati yao wakiwa Afrika.

Mara nyingi ni asilimia chache tu ya konokono wa bwawani walio na vimelea, na tarakimu hiyo inaliwaza isivyostahili. Tudhani ni asilimia 2, na mtu ameokota 20. Uwezekano kwamba wote ni salama ni 0.98 ikizidishwa yenyewe mara 20, ambayo ni asilimia 67. Uwezekano kwamba angalau mmoja ana vimelea ni asilimia 33. Ikiwa maambukizi ni nusu asilimia, bado ni asilimia 9.5. Vimelea hutoka kwa konokono na kuingia kwenye ngozi ya mkono uliozamishwa majini kusafisha tangi. Kwa upande mwingine, havirithiwi kupitia mayai: konokono aliyeanguliwa tangini, pasipo kinyesi wala mkojo wa binadamu, hana vimelea. Ndiyo maana konokono aliyezaliwa kwa mfugaji anastahili shilingi 1,000 zake.

Upande wa pili wa mlango una gharama pia. Konokono waliozidi hawapaswi kumwagwa mtaroni. Planorbella duryi mwenyewe alikwisha kufika Tanzania: mwaka 1983 ulichapishwa utafiti juu ya kuenea kwake katika skimu ya umwagiliaji kaskazini mwa nchi, akichunguzwa kama mshindani wa konokono wa kichocho. Mwaka 2020 konokono mwingine, mkubwa kuliko huyu na mwenye asili ya Amerika Kusini, Pomacea canaliculata, aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, ambako hula miche. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jenasi nzima ya Pomacea mwaka 2012. Kuwagandisha waliozidi kwenye friza, kisha kuwafukia au kuwalisha kuku, hakugharimu karibu chochote.

Jumla

Kwa mwaka, mteja wa kawaida wa umeme anayechota bombani analipa shilingi 23,900 za umeme, 1,250 za maji na 14,600 za chakula, jumla 39,750. Akilisha kwa kipimo, jumla inakuwa 28,650, pungufu kwa asilimia 28. Katika safu zote tatu hakuna mstari wa konokono. Anakula kilicholipiwa tayari, na idadi yake ni kipimo cha kilicholipiwa bila kuhitajika.

Hitimisho hilo lina jaribio lake. Andika tarehe juu ya kopo siku ya kulifungua, gawanya gramu zake kwa siku litakazodumu, kisha punguza chakula hadi samaki wakimalize ndani ya dakika mbili. Konokono wakipungua katika miezi miwili au mitatu, chanzo kilikuwa kopo. Wasipopungua, tafuta chakula kingine ambacho hesabu hii haikukiona: majani yanayooza, samaki aliyefia nyuma ya chujio, au dirisha linalopitisha jua na kuotesha mwani mchana kutwa. Katika hali hizo tarakimu za hapa juu zitakuwa ndogo kuliko ukweli, na kinachohitaji kurekebishwa ni hicho kitakachopatikana, kabla ya kuongeza au kupunguza konokono hata mmoja.